Amri Haipigiwi Kura

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, siku ya mafungo ya maandalizi ya Jubilei ya miaka 25





Kamati ilipoketi kugawana kazi za jubilei, mwalimu wa kwaya alipewa nyimbo, mweka hazina akapewa hema, viti na keki, nasi wa ofisi ya katibu tukapewa maneno ya siku ya mafungo. Bila shaka tulitazamiwa kusimulia historia. Historia imo katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, pamoja na picha za zamani ambazo baadhi yetu tungependa zisingeonekana. Leo tunaomba tuzungumze juu ya amri za Mungu. Kuna sababu ya kuchagua jambo hilo, na tutaifikia kabla ya chai.

Tuanze na neno lenyewe, jubilei. Wengi wetu tukilisikia tunaona sare mpya na ng'ombe wa kuchinjwa. Lakini jubilei haikuanza kama sherehe, ilianza kama amri. Tukifungua kitabu cha Walawi, sura ya 25, tunakuta Mungu akiwaagiza Waisraeli kuutakasa mwaka wa hamsini. Siku ya Upatanisho pembe ilipigwa nchi nzima, na ni pembe hiyo ya kondoo dume iliyoupa mwaka huo jina lake. Baada ya pembe, kazi ilianza. Aliyeuza shamba la ukoo kwa sababu ya umaskini alirudishiwa. Aliyejiuza kuwa mtumishi kwa sababu ya deni alikwenda kwao. Ardhi yenyewe ililala bila kulimwa. Kwa hiyo mtu aliyesikia pembe alipaswa kujiuliza: mkononi mwangu kuna nini cha mwenzangu? Sisi tumefika nusu ya hesabu hiyo, miaka 25, lakini swali hilo halikutusubiri tufike 50.

Sasa sababu. Tulipokuwa tukikusanya historia, tulitoa vitabu vyote vya kumbukumbu za mikutano kutoka kabati la sakristia. Vingine vimeliwa na mchwa. Katika kimoja tulikuta ukurasa unaohusu harambee ya kinanda. Mtakumbuka harambee ile, ni miaka tisa sasa. Kila jumuiya ilileta bahasha, akina mama walileta mayai na kuku wakanadiwa hapa uwanjani, na mama mmoja mjane alileta kikapu cha viazi ambacho kilinunuliwa na kurudishwa kunadiwa mara tatu. Zilipatikana shilingi 116,400. Kinanda kilinunuliwa kwa shilingi 85,000, na risiti ipo. Chini ya hesabu hiyo, kwa mwandiko wa mwenzetu, imeandikwa kwamba salio la shilingi 31,400 limetumika kama motisha kwa kamati.

Motisha. Neno zuri kweli. Tuliokuwa kamati wakati ule, na wengine wetu bado tuko, tuligawana pesa hizo. Tulijiambia kwamba tulitembea sana, tulipiga simu kwa mifuko yetu, na kinanda si kimepatikana? Hakuna aliyeudanganya umma kwa maneno. Tulichofanya ni kutangaza kwamba kinanda kimenunuliwa, mkapiga makofi, tukaketi.

Mkutano wa kamati uliojadili ukurasa huo ulikuwa mrefu. Wapo waliosema jubilei ni siku ya furaha, mambo ya kale yaachwe yalale. Wapo waliosema tukiungama hadharani watu watakoma kuchangia kwaya. Mwenyekiti, ili tusikeshe, akapendekeza tupige kura: wanaotaka jambo hili lisemwe, na wanaotaka linyamaziwe. Karatasi zilikuwa zimeshakatwa. Ndipo mzee mmoja wa sauti ya nne, ambaye kwa kawaida husinzia mikutanoni, akauliza kwa upole, "Samahani, wanangu, tunapigia kura nini hasa? Tunataka kujua kama wengi wakikubali, ile amri ya saba itaondoka?"

Karatasi zikarudi mfukoni mwa mwenyekiti. Kutoka swali hilo tuliona heri mafungo yetu ya mwaka huu yatafute jibu lake kwa utaratibu: kwa nini amri za Mungu haziondoki?

Wanakwaya mnaijua katiba yetu. Imerekebishwa mara tatu. Faini ya kuchelewa mazoezi ilikuwa shilingi tano, ikawa kumi, sasa ni hamsini, na bado sauti ya pili wanachelewa. Hatuoni ajabu kuirekebisha, kwa sababu sisi ndio tulioiandika. Hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010 inaeleza ndani yake jinsi inavyoweza kurekebishwa. Aliyetunga sheria anaweza kuitengua, au kuikabidhi kwa wengine waitengue. Basi amri kumi zilitungwa na nani? Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, vinatuambia kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyenena. Musa hakuitisha mkutano pale Sinai. Alipozivunja mbao za mawe kwa hasira ya kuona ndama ya dhahabu, alichonga nyingine, na yaliyoandikwa juu yake yalikuwa yale yale. Watu walikuwa wamevunja agano kabla hata wino haujakauka, tukiruhusiwa kusema hivyo juu ya mawe, na Mungu hakupunguza hata amri moja ili iwe rahisi kwao.

Na tuangalie namna alivyoanza. Kabla ya kuagiza chochote aliwakumbusha kwamba ni yeye aliyewatoa utumwani Misri. Hakuwapa amri wakiwa bado kwa Farao na kuwaambia, shikeni hizi kwanza ndipo niwatoe. Aliwatoa, akawavusha bahari, akawalisha mana, kisha akanena nao. Ndiyo maana anayezichukua amri kama kamba ya kufungia watu hajausoma mwanzo wake. Aliyetoka utumwani alikuwa anafundishwa kuishi asirudi utumwani, wala asimtumikishe mwenzake.

Kuna swali lingine ambalo wazee wetu hutuuliza, nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Wao wameona mambo mengi yakibadilika kanisani. Wapo humu waliosimuliwa na wazazi wao Misa ya Kilatini, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliofanyika 1962 hadi 1965. Ngoma ambayo leo tunaipiga kwenye Utukufu ingewashangaza wengi miaka ile. Nyanya zetu walifunga tangu usiku wa manane kabla ya kupokea Komunyo, hata maji hawakugusa. Kisha Papa Pio wa 12 akaruhusu maji mwaka 1953, akafanya mfungo kuwa saa tatu mwaka 1957, na Papa Paulo wa 6 akaufanya saa moja mwaka 1964. Mzee mmoja alituambia: "Kilatini kimeondoka, mfungo umefupishwa. Ninyi vijana mnajuaje kwamba kesho hawataondoa na uzinzi kwenye orodha?"

Tunamshukuru kwa swali hilo. Jibu ni kwamba Kanisa lina amri zake, tulizifundishwa kwenye katekisimu baada ya zile kumi: kuhudhuria Misa Dominika na sikukuu zilizoamriwa, kuungama walau mara moja kwa mwaka, kupokea Ekaristi wakati wa Pasaka, kufunga siku zilizowekwa, kulitegemeza Kanisa. Hizo Kanisa linazipanga kama mama anavyopanga saa za kula nyumbani. Saa zaweza kusogezwa kwa ajili ya mgonjwa au msafiri, lakini mama hawezi kuamua kwamba watoto waweza kuishi bila kula. Mfungo wa saa moja au wa tangu usiku wa manane, yote ni njia ya kumheshimu Yesu katika Ekaristi. Heshima yenyewe haina saa. Vivyo hivyo Papa anaweza kubadilisha mfungo, lakini hana uwezo wa kuruhusu mauaji ya asiye na hatia au ushuhuda wa uongo, wala hajawahi kudai uwezo huo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha kwamba amri kumi, katika yale ya msingi, zinatubana sote, popote na siku zote, na hakuna awezaye kumfungua mtu asizishike. Papa Yohane Paulo wa 2 alilirudia jambo hilo kwa kirefu katika barua yake ya mwaka 1993 juu ya misingi ya maadili.

Majirani zetu pia hutuuliza. Wengine husema hizo ni za Musa, Wakristo tuko chini ya neema. Ni kweli kwamba katika Torati kuna mambo mengi ambayo hatuyashiki. Hatutoi sadaka ya wanyama, na mitume walipokutana Yerusalemu waliamua kwamba watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alitusaidia kutofautisha: kuna sheria za maadili, kuna za ibada ya kale, na kuna za mahakama ya Waisraeli. Za ibada zilikuwa kivuli cha Kristu, na alipokuja zilitimia. Za mahakama zilikuwa za taifa lile. Za maadili zinabaki, kwa kuwa zinafuata jinsi mwanadamu alivyoumbwa. Yesu alipoulizwa na yule kijana tajiri jinsi ya kuupata uzima, alianza kwa kumtajia amri. Mtume Paulo, ambaye ndiye anayetajwa sana juu ya neema, alipowaandikia Warumi juu ya upendo alizitaja amri moja moja kuonyesha kwamba upendo unazitimiza. Na Mtaguso wa Trento, katika karne ya 16, ulikataa kabisa wazo kwamba Mkristo aliyehesabiwa haki amesamehewa kuzishika.

Juu ya hesabu, tuwatoe wasiwasi wazazi. Watoto wetu hurudi kutoka shule wakibishana, mmoja anasema kuiba ni amri ya saba, mwingine anasema ya nane. Wote wako sawa. Biblia haikuziwekea namba. Sisi Wakatoliki tunafuata mpangilio wa Mtakatifu Agostino, na Walutheri pia, ambapo katazo la sanamu liko ndani ya amri ya kwanza na tamaa inagawanywa mara mbili. Wengine wanahesabu tofauti. Maneno ni yale yale. Mtoto asipigwe kwa hilo.

Sasa twende Namugongo. Wengi wetu tuliokuwa kwenye basi lile tunakumbuka zaidi foleni ya mpakani na mvua iliyotunyeshea tukiwa na sare. Lakini tulikwenda kuwaona watu walioshika amri mbele ya mfalme. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa kiongozi wa vijana katika nyumba ya Kabaka Mwanga, mtu wa karibu sana na kiti cha enzi. Mwaka 1885 askofu wa Kianglikana, James Hannington, aliyekuwa amesafiri kutoka pwani yetu kupitia Kavirondo, aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Balikuddembe alimkemea mfalme kwa damu ile. Tuone vizuri: aliyeuawa hakuwa padre wake wala hakuwa Mkatoliki. Amri ya tano haikumruhusu Balikuddembe kuchagua ni damu ya nani anayostahili kuililia. Alimpinga pia mfalme alipowataka vijana wa ikulu kimwili. Tarehe 15 Novemba mwaka huo aliuawa. Karoli Lwanga akachukua nafasi yake ya kuwalinda vijana wale, na tarehe 3 Juni 1886 naye akachomwa moto Namugongo pamoja na wenzake. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliwatangaza mashahidi Wakatoliki 22 kuwa watakatifu. Waanglikana nao wana mashahidi wao wa moto ule ule.

Vijana wale walikuwa wakristo wa muda mfupi mno. Wengine walibatizwa siku chache kabla ya kufa. Hawakuwa na Biblia nzima kwa lugha yao wala Kanisa lenye karne nyuma yake nchini mwao. Walikuwa na mfalme ambaye neno lake lilikuwa sheria, na walijua kwamba kuna neno lililo juu ya lake. Tunapoimba habari zao kila mwezi wa Juni, kwa sauti nne na vigelegele, tunaimba juu ya amri ya kwanza, ya tano na ya sita.

Sisi hatuwekewi moto. Kwetu amri huvunjwa kwa chai na nauli. Papa Fransisko alipokutana na vijana Kasarani, Novemba 2015, aliufananisha ufisadi na sukari: ni tamu, tunaipenda, ni rahisi, na mwishowe inatuletea ugonjwa. Tulicheka na kupiga makofi kama kawaida yetu, maana kila mtu alikuwa anamfikiria mtu mwingine. Na Novemba 2024, wengi mnakumbuka, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza michango iliyotolewa na Rais katika kanisa la Soweto, Embakasi, irudishwe, akisema Kanisa lisitumiwe kwa siasa. Ndani ya michango hiyo zilikuwamo shilingi 600,000 za kwaya na watoto wa shirika la kimisionari. Siku ile simu zetu za kikundi cha kwaya hazikulala. Wapo waliosema askofu amefanya vyema, na wapo walioumia kwa ajili ya kwaya ile, maana tunajua bei ya spika na bei ya kitambaa. Hatutaki kuamua siasa hapa. Tunasema tu kwamba ilitushtua kuona pesa za kwaya, pesa za nyimbo, zikipimwa kwanza kwa mizani nyingine kabla ya kuhesabiwa.

Basi turudi kwenye shilingi zetu 31,400. Baba Paroko alipoelezwa, hakutugombeza. Alitukumbusha jambo ambalo tulilijifunza tukiwa wadogo kisha tukalisahau: katika amri ya saba, kutubu hakumaliziki kwenye kiti cha kitubio. Aliyechukua hurudisha. Torati iliagiza mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza arudishe kondoo wanne, na wa ng'ombe arudishe ng'ombe watano. Zakayo alipomkaribisha Yesu aliahidi mwenyewe kulipa mara nne. Baba alisema hatatudai mara nne, ila asisikie tena neno motisha.

Kwa hiyo tumerudisha. Tulikuwa tisa. Wawili wamehama parokia, mmoja amelipa kutoka huko aliko, na mwingine hatukumpata, tukamlipia. Mmoja wetu ameshatangulia mbele za haki, na tulikubaliana kwamba familia yake isiguswe, tukagawana fungu lake. Pesa zote ziliingia katika akaunti ya parokia kabla ya Pasaka, na halmashauri imeamua zinunue spika za kigango chetu kisicho na umeme wa kutegemewa, pamoja na betri yake. Tunawaomba radhi, hasa jumuiya zilizoleta bahasha, na hasa yule mama wa viazi, ambaye yupo hapa, na ambaye tulipomwendea nyumbani kumweleza alituuliza kama tumekula.

Tulipoanza kuufuata uzi huo, ulivuta mambo mengine. Tutayataja matatu, ingawa moja latosha kuharibu sherehe.

La kwanza ni Dominika. Sisi ni watu wa Dominika kuliko wote. Tunafika asubuhi na mapema, tunaimba Misa mbili, mchana tuna mazoezi. Tulidhani amri ya tatu ni yetu kabisa. Lakini katika Kumbukumbu la Torati amri hiyo inawataja watumishi wa kiume na wa kike, wapumzike kama bwana wao, na hata punda na ng'ombe wamo. Tujiulize, tunapoimba hapa, nani yuko nyumbani anapika na kulea watoto wetu? Tulihesabu kwa mikono iliyoinuliwa: wengi wetu tulio na wasaidizi wa nyumbani hatujawahi kuwapa Dominika nzima, na wengine wao ni Wakatoliki wasioona Misa kuanzia Krismasi hadi Krismasi. Tumekubaliana kila nyumba ya mwanakwaya iwe na utaratibu, na wengine wameanza. Kuna bwana mmoja wa sauti ya tatu aliyejifunza kupika ugali kwa ajili ya amri ya tatu. Hatusemi ulikuwaje.

La pili ni ndoa, na hapa tutaongea polepole kwa kuwa linauma. Kwa miaka mingi tumekuwa na wanakwaya wanaoimba wimbo wa Komunyo kwa machozi na hawaendi mezani. Wanakaa pamoja kama mume na mke, wana watoto, hawajafunga ndoa kanisani. Wengine wetu tuliwasema pembeni, na kuwasema watu pembeni ni amri ya nane, tusisahau. Wengine tuliwaambia wasijali, siku hizi Kanisa limelegea. Hatukuwasaidia kwa lolote kati ya haya mawili. Tulipowauliza kwa heshima ni kitu gani kinachowazuia, karibu wote hawakutaja imani. Walitaja mahari ambayo haijaisha na gharama ya harusi. Katekista akawaeleza kwamba kwa Kanisa ndoa inahitaji watu wawili walio huru kuoana, ridhaa yao, padre na mashahidi wawili. Hema na keki hazimo. Wazee wa familia walitembelewa juu ya mahari, na wazee wawili, Mungu awabariki, walisema mahari haina haraka ila neema ina haraka. Jozi nne wamefunga ndoa baada ya Pasaka, wakiwa wamevaa sare ya kwaya. Jozi moja bado, kuna jambo la ndoa ya zamani linaloshughulikiwa na mahakama ya jimbo, na wao wanaendelea kuimba nasi na kungoja. Tunaomba wasiulizwe ulizwe.

La tatu ni nyimbo zenyewe. Katika miaka 25 tumenakili nyimbo nyingi kutoka kwaya nyingine. Karatasi zilipitishwa mashine ya fotokopi mpaka nota zikafanana na sisimizi, na njiani jina la mtunzi likapotea. Mara nyingine halikupotea lenyewe. Tulikunja karatasi juu ili ukurasa utoshe. Tuliporekodi kaseti, na baadaye tulipoweka nyimbo mtandaoni, zilionekana kana kwamba ni zetu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ingetosha kututisha, lakini mtunzi mwingi wa nyimbo zetu ni mwalimu wa shule ya msingi au katekista wa kijijini ambaye hatatushtaki kamwe. Mali yake kwetu ilikuwa ni jina lake tu, na hata hilo tukalichukua.

Mwalimu wa kwaya amefanya kazi kubwa miezi hii minne, akipiga simu kutoka parokia hadi parokia. Watunzi watatu waliposikia wimbo wao unaimbwa huku hawakuomba kitu ila kuusikia, na wawili watakuwa wageni wetu siku ya kilele. Majina yote tuliyoyapata yamechapishwa katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, wimbo kwa wimbo. Nyimbo saba bado zina nafasi tupu. Atakayemjua mtunzi wa mojawapo amwone mwalimu wa kwaya baada ya chai, upande wa mnara wa kengele. Hesabu za jubilei, pamoja na risiti ya spika, zimebandikwa mlangoni mwa kanisa, na kalamu imefungwa hapo kwa uzi kwa yeyote mwenye swali.